Mwanafunzi Niliyemwangusha Makusudi

Nyie mnaoanza kufundisha watu wazima, vunjeni chaki kabla hamjaandika. Chaki nzima inapiga kelele ubaoni, na mtu aliyetoka kulima tangu alfajiri akisikia kelele ile anakunja uso, anadhani umemkasirikia. Halafu andikeni herufi kubwa kama kiganja. Wazee hawatawaambia kwamba hawaoni. Watasema wamesahau miwani nyumbani, na miwani hiyo hawajawahi kuwa nayo. Na jamani, msije mkamkalisha mama mkwe gogo moja na mkwewe wa kiume. Mimi nilifanya hivyo kijijini Magamba wiki yangu ya kwanza. Darasa zima likawa bubu, nisijue kwa nini, mpaka yule mkwe akainuka akatoka nje, akawa anasomea dirishani.

Hayo nawaambia kwa kucheka. Walimu vijana wa hapa Mpanda waliponiomba niandike ninachokumbuka, nilidhani nitawaandikia vichekesho vya namna hiyo mpaka karatasi ziishe. Nikikaa na kalamu, vichekesho vinakuja kidogo tu, halafu anakuja mwanamke mmoja wa Katumba, na aibu. Nitafika kwake. Niacheni kwanza nizunguke.

Naitwa Skolastika. Kwetu ni Kasansa, kwa wakulima wa mpunga. Nilimaliza darasa la saba nikangoja jina langu litoke kwenda sekondari, halikutoka. Ilikuwa miaka ya sabini, kila kijiji kinatafutiwa mtu wa kufundisha kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mtoto wa darasa la saba aliyeandika vizuri alipata kazi. Nikaja Mpanda, nikapewa kitabu, ubao na boksi la chaki, na kuanzia siku hiyo watu wa umri wa baba yangu wakaniita Mwalimu. Kama umewahi kukosa kitu ulichokitaka sana utanielewa. Neno lile ndilo lilikuwa mali yangu yote.

Magamba nilimkuta Mzee Tomasi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mgodi wa madini ya risasi, mgodi ukafungwa, akarudia jembe, na uzeeni akaamua awe seremala. Alikuja darasani na utepe wa kupimia mfukoni. Nikamfundisha ba be bi bo bu. Wiki ya tatu hakuonekana, nikamfuata kwake, nikamkuta anapiga randa.

"Mzee, mbona umeacha shule?"

"Mimi sijaacha shule, binti. Shule ndiyo imeniacha," akasema, akautoa utepe. "Nilikuja kuulizia hivi vistari vidogo hapa katikati ya namba. Wewe unanifundisha kuimba."

Tulikaa juu ya takataka za randa tukasoma utepe mpaka akaujua wote. Akatengeneza milango, akatengeneza meza. Herufi alizirudia mwenyewe baadaye bila kuitwa, kwa sababu alitaka kuandika jina lake chini ya kila meza. Pale nilipaswa kujifunza kwamba mtu mzima haingii darasani mtupu. Anaingia na maisha yake yote, kazi alizofanya, alizopoteza, na anayoitafuta. Nilicheka tu na Mzee Tomasi, nikaondoka. Mwaka uliofuata nikahamishiwa Katumba.

Makazi ya Katumba yalikuwa mapya kabisa. Warundi waliokimbia kwao walikuwa wamepewa mashamba ndani ya pori, kila siku unasikia miti inaanguka, na pale miti ilipotoka wanapanda mahindi na kujaribu tumbaku. Darasa letu lilikuwa bani, yaani kibanda cha kukaushia tumbaku, ambalo lilikuwa bado halijaona moto. Ubao tuliupaka unga mweusi wa betri za redio uliotwangwa na majani. Chaki zikiisha niliandikia makopa, mihogo mikavu. Makopa yanaandika vizuri, shida ni mbuzi. Siku moja nilitoka nje kidogo, kurudi nikakuta somo lote la siku limelambwa.

Kiswahili chao kilikuwa bado kichanga. Kirundi hakina L kama ya kwetu, kwa hiyo mtoto "amerara" na watu "wanakura." Na mimi Kirundi changu kilikuwa maneno mawili, ego ni ndiyo, oya ni hapana, na hayo mawili niliyachanganya. Mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nitakubali kuolewa na mwanawe, nikamjibu "ego" kwa sauti kubwa. Walicheka wiki nzima. Tulikuwa tunachekana vizuri hivyo.

Aliyekuwa hacheki sana ni Daforoza. Nilimwita hivyo hivyo, Daforoza, bila mama, ingawa alikuwa rika la mama yangu mzazi. Alikaa nyuma karibu na mlango, kitambaa kichwani, daftari juu ya magoti. Alikuwa anaandika haraka, herufi zimeshikana na kulala upande mmoja. Mimi nikasimama juu yake siku ya kwanza nikamwambia, "Hapa hatuandiki hivyo. Tenganisha herufi." Akafuta, akatenganisha. Akaandika ba be bi bo bu pamoja na wenzake ukurasa mzima.

Miezi michache baadaye alikuja Bwana Ludoviko, mganga wa zahanati. Alikuwa Mfipa mmoja mpole anayetembea na baiskeli, zahanati nzima anaifanya peke yake.

"Mwalimu, una mama anaitwa Daforoza?"

"Ninaye. Hatua ya kwanza."

"Hatua ya kwanza!" akacheka kidogo. "Yule alikuwa muuguzi kwao, hospitali kubwa. Amesoma kwa Kifaransa. Vyeti vimebaki huko, alikimbia na watoto tu. Nataka awe msaidizi wangu. Wakubwa wamekubali, ila wanataka karatasi moja ya kuonyesha anasoma na kuandika Kiswahili. Mtihani si mwezi ujao? Akifaulu tu, naanza naye."

Nikasema sawa. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilihisi kitu kimenibana hapa kifuani. Mwanamke niliyekuwa namtenganishia herufi alikuwa amesoma kuliko mimi, kuliko afisa wangu, na hakuwa ameniambia. Nilijiuliza jioni nzima alikuwa ananionaje pale mbele na chaki yangu. Sasa najua hakuwa ananiona vibaya. Alikuwa anatafuta Kiswahili tu, apate kufanya kazi yake.

Wiki hiyo tulisoma somo la maji. Kitabu kilisema watu wachemshe maji ya kunywa, basi. Lakini darasa lilikuwa linanisikiliza vizuri siku ile, na nilipenda kusikilizwa, kwa hiyo nikaongeza yangu niliyoyasikia nyumbani kwetu.

"Na mtoto akiharisha," nikasema, "msimpe maji. Ukimpa maji unazidisha kuharisha. Mnyimeni maji mpaka tumbo likauke."

Nyuma kule Daforoza akasimama. Hakuwahi kusimama.

"Oya, Mwarimu."

Darasa likageuka.

"Maji inatoka, maji irudi," akasema, polepole, anatafuta kila neno. "Asipokunywa, anakufa. Maji ya kuchemsha, chumvi kidogo, sukari. Kijiko, kijiko. Mimi nimeona watoto wengi."

Watu wakaanza kuongea Kirundi kati yao. Nikaona macho yao yanatoka kwangu yanakwenda kwake. Nilijua yeye ni muuguzi. Hilo nataka mlielewe vizuri, nilikuwa nimeshaambiwa. Nikapiga ubao kwa kiganja.

"Mwalimu hapa ni nani?"

Akanitazama. "Ni wewe, Mwarimu," akasema, akakaa.

Mtihani ulipofika aliufanya. Nilisahihisha karatasi jioni moja nimekaa mlangoni kwangu, jua bado lipo. Swali kubwa lilikuwa kuandika barua fupi kwa ndugu. Yake ilikuwa safi kuliko zote. Aliandika kwamba yeye ni mzima, kwamba mvua inakaribia, kwamba watoto wanarara vizuri sasa, hawashtuki tena. Hesabu alipata zote. Nikaisoma mara mbili. Halafu nikachukua kalamu nyekundu nikapiga mstari chini ya kila R iliyokaa mahali pa L, na juu nikaandika: Hakufaulu.

Wenzake wote walikuwa wameandika R zile zile. Wao niliwafaulisha.

Bwana Ludoviko aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia lugha ina sheria zake, atarudia mwakani. Akashika baiskeli yake. "Basi," akasema, "nitaendelea peke yangu." Daforoza nilipompa karatasi aliitazama, akaikunja mara nne. "Nitasoma tena, Mwarimu." Kesho yake alikuja mapema akakaa na wapya, wale wanaoanza kushika penseli, akaanza upya ba be bi bo bu.

Nilidhani ningejisikia vizuri.

Masika yakaingia. Nilikuwa na mwanafunzi mwingine, Perpetua, mama kijana aliyekaa mbele kabisa na kuandika kila nilichosema, hata mzaha. Alikuja na mwanawe mgongoni, Evaristi, mtoto wa mwaka na nusu hivi, ambaye alipenda kula chaki. Perpetua alikosa siku mbili mfululizo. Asubuhi ya siku ya tatu nikachukua daftari la mahudhurio nikaenda kwake, nimejiandaa kumgombeza.

Nilikuta watu wamekaa nje. Nilijua kabla sijafika.

Perpetua alinishika mkono, akaniingiza ndani, akaniketisha karibu naye kwenye mkeka. Alikuwa ananiheshimu hata siku ile.

"Alianza kuharisha juzi," akaniambia. "Nilifanya kama ulivyotufundisha, Mwalimu. Sikumpa hata tone. Alikuwa analilia kibuyu, nikakificha."

Nikalisukuma daftari la mahudhurio chini ya mkeka.

"Daforoza alikuja mara mbili na kikombe na kijiko. Nikamkatalia. Nikamwambia, wewe mtihani ulikushinda, Mwalimu ndiye anayejua. Jana tukamkimbiza zahanati. Bwana Ludoviko alikuwa amekwenda vijiji vya mbali kuchanja watoto, na hakuna mwingine. Tukamrudisha. Akafia njiani."

Nilitoka nje nikiwa sioni vizuri. Daforoza alikuwa jikoni kwenye mafiga, anawapikia waombolezaji. Aliniona. Nikangoja aseme, na angesema chochote ningekubali. Alifuta kigoda kwa kitenge chake akanisogezea nikae.

Baada ya mazishi nilipanda lori hadi Mpanda mjini, kwa Bwana Edwadi, afisa wetu wa elimu ya watu wazima. Nikamwambia karatasi ya Daforoza nimeisahihisha vibaya. Akatoa bahasha yangu kabatini, akazisoma karatasi moja moja, muda mrefu, mimi nimesimama.

"Hawa wote wameandika kurara," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Wote wamefaulu. Ila huyu. Alikuudhi?"

"Alinisahihisha mbele ya darasa."

"Alikuwa amekosea?"

"Hapana, mzee. Mimi ndiye niliyekosea."

Alivua miwani akaiweka mezani. Aliniambia kwamba angenifukuza saa ile ile, ila hana mtu mwingine wa kumpeleka kule porini. Halafu akasema neno ambalo nililipokea upesi kabla hajabadili mawazo: "Tutasema amerudia mtihani. Watu wasije wakadhani kisomo kinachezewa." Nikasema sawa. Habari ya mtoto sikumwambia. Hiyo iwe aibu ya pili, au ya tatu, zimekuwa nyingi sijui tena mpangilio wake.

Daforoza akaanza kazi zahanati kabla masika hayajaisha. Mara ya kwanza kumwona na gauni jeupe sikumtambua. Alikuwa amenyooka, anatembea haraka, anatoa amri, anacheka na watoto. Kumbe alikuwa mtu wa kucheka. Mwaka mzima nilikuwa nimekaa na kivuli chake tu.

Nikamfuata Jumamosi moja, wagonjwa wameisha.

"Mama," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza nilimwita hivyo. "Nifundishe mambo ya afya. Nisije nikasema tena nisichokijua."

Akaniangalia. "Karatasi yangu. Ulijua nimefaulu?"

"Nilijua."

"Hata mimi nilijua."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nani angenisikiliza?" akasema. Akafungua kabati akatoa kijiko, chumvi na sukari, akaviweka mbele yangu. "Kaa. Tunaanza na hivi."

Nilisoma kwake Jumamosi nyingi kwenye benchi la wagonjwa. Yeye aliniuliza maneno ya Kiswahili, mimi nikamwuliza ya uuguzi, na kila mmoja alikuwa na daftari. Sijawahi kupata mwalimu kama yule. Hakunicheka hata siku moja, na sababu za kunicheka alikuwa nazo. Baadaye nikaanza masomo ya sekondari kwa njia ya posta, nikafanya mtihani na watoto wa watu nikiwa mama wa watoto wanne, nikaanguka kwenye hesabu, nikarudia, nikafaulu. Nikaenda kozi, nikarudi nikapewa kiti ofisini. Nimefundisha mafundi, wakunga, wachungaji wa ng'ombe wa Kisukuma waliotaka kusoma majina ya dawa za kuogeshea mifugo. Kila darasa jipya nilianza na swali moja kabla ya kugusa chaki: wewe ulikuwa unafanya kazi gani, na unajua nini ambacho mimi sijui? Huwa wanashangaa. Halafu hawaishi kusema. Ulizeni swali hilo, tafadhali. Na mkisikia kitu kinawabana kifuani kwa sababu aliyeko gogo la nyuma anajua kuwazidi, wekeni chini kalamu nyekundu mpaka kipite.

Lakini sijamaliza. Baada ya msiba ule darasani nilirudi pia, na somo la maji nililirudia. Nilitaka kusema nilikosea. Nilisimama mbele yao, Perpetua yuko pale pale mbele, mgongo wake mtupu, nikasema: "Siku hizi wataalamu wamegundua kwamba mtoto anayeharisha apewe maji." Nikasema kana kwamba ni habari mpya iliyofika na lori la wiki ile. Perpetua akainama akaandika. Aliandika polepole, kila herufi, nikamngojea amalize.

Hakuacha shule. Alipita hatua zote, akapata watoto wengine, wakaugua kama watoto wote wanavyougua, akawanywesha kwa kijiko, wakapona. Siku ya kugawa vyeti alisoma mbele ya mkutano wa kijiji bila kukwama. Mama Daforoza alikuwepo, alipiga makofi kuliko wote.

Watu walipotawanyika Perpetua alinijia na kikapu cha maharage ya shambani kwake. Akapiga magoti kunipa, mimi niliyemzidi umri kidogo tu.

"Asante, Mwalimu. Umenitoa gizani." Akatazama upande wa zahanati, alikokuwa anaelekea Mama Daforoza na gauni lake jeupe. "Kuna jambo moja tu linaniuma. Laiti yule mama angefaulu mtihani mara ya kwanza. Ningemsikiliza."

Nilikuwa na mdomo, na hapakuwa na mtu mwingine karibu.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Nikapokea kikapu. Nikaenda nayo nyumbani yale maharage, nikayapika, nikayala.